Kanuni na Mkosaji: Kuchanganua Matini katika Arudhi, Gĩcandĩ na Kompaila

"Changanua sentensi ifuatayo kwa kielelezo cha matawi." Aliyepitia shule ya upili nchini Kenya analijua agizo hili, awe alisomea Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, au alisomea Lamu. Anaandika S juu, anaigawa kuwa KN na KT, anashuka hadi kwenye nomino, kitenzi na kielezi, kisha anaweka kila neno chini ya tawi lake. Wachache huambiwa kwamba mchoro wa namna hiyo ndio kompaila huuchora kimyakimya kabla ya kugeuza programu kuwa amri za mashine. Mwanafunzi wa shule ya upili mwenye kalamu, na mwenzake wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi palepale Nyeri, wanafanya kazi moja.

Kazi yenyewe ni kuchukua mfululizo wa herufi au sauti, kuukata vipande, na kuvipanga mpaka maana itoke. Katika makala haya nalinganisha mapokeo manne yaliyoifanya: sarufi ya Kisanskriti ya Pāṇini, arudhi ya al-Khalīl bin Ahmad pamoja na ile ya Kiswahili iliyorithi istilahi zake, gĩcandĩ (utungo wa mafumbo) na ndaĩ (vitendawili) za Wagĩkũyũ wa Mlima Kenya, na maktaba za programu ambazo waundaji hutumia kujengea vichanganuzi na kompaila. Fasihi linganishi hututaka tutenge athari na mshabaha, nami naanza na hilo. Kati ya Basra na pwani yetu kuna athari ya wazi, kwa maana hata jina arudhi lilisafiri. Kati ya Pāṇini na wanakompyuta, na kati ya hao wote na mwimbaji wa gĩcandĩ, kuna mshabaha tu. Hakuna aliyejenga kanuni zake kwa kumsoma mwenzake.

Njia iliyozoeleka ni kulinganisha kanuni zenyewe: nani alikuwa na nyingi, nani alizifupisha zaidi. Mimi nauliza swali jingine: kanuni ikivunjwa, pokeo linamfanyaje aliyeivunja? Naamini hapo ndipo kila pokeo la uchanganuzi linapojulikana tabia. Na kwa kipimo hicho, mshairi wa Kiswahili na mtega vitendawili wana jambo la kumfundisha mjenzi wa kompaila.

Vijenzi vidogo

Kabla ya kufika kwa mkosaji, tukubaliane juu ya kinachofanana. Mapokeo yote haya yaligundua kwamba lugha kubwa haielezeki kwa orodha ndefu; huelezwa kwa vijenzi vidogo vinavyoungana.

Pāṇini, aliyeishi kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi karne kadhaa kabla ya Kristo, alikielezea Kisanskriti kwa kanuni zipatazo 4,000, nyingi zikiwa na maneno machache tu. Kanuni hizo husomwa pamoja na orodha 14 za sauti zilizofungwa kwa alama, ili silabi moja iweze kutaja kundi zima: akisema "ac" amekwisha kutaja irabu zote, akisema "hal" ametaja konsonanti zote. Anayejua programu ataitambua mbinu hiyo mara moja. Ndiyo maana mwaka 1967 Peter Ingerman alipendekeza kwamba namna ya kuandika sarufi za lugha za kompyuta, iliyobuniwa na John Backus na kutumiwa katika ripoti ya Algol 60 iliyohaririwa na Peter Naur, ipewe jina la Pāṇini na Backus. Pendekezo halikushika, lakini sababu yake ilikuwa ya haki.

Al-Khalīl alizaliwa Oman karne ya 8 akaishi Basra. Alipotaka kueleza bahari za ushairi wa Kiarabu, alianza na vipande viwili tu alivyovipa majina ya sehemu za hema: sababu, yaani kamba, na watadi, yaani kigingi. Kwa kuunganisha kamba na vigingi alipata nyayo nane, na kwa kuzipanga nyayo alipata bahari 15. Kisha akazichora bahari hizo katika duara tano. Katika duara moja mlolongo wa kamba na vigingi ni uleule. Ukianza kuusoma mahali tofauti, unapata bahari tofauti. Huo ni mtambo wa kuzalisha, uliobuniwa na mtu asiyekuwa na mashine.

Maktaba za kisasa za kuundia vichanganuzi zinafuata mantiki hiyohiyo. Mjenzi haandiki programu moja kubwa ya kusoma kila kitu. Anaandika kipengele kinachosoma herufi moja, kingine kinachosoma tarakimu, kisha maktaba inampa viungo vitatu vinne: hiki kifuatwe na kile, hiki au kile, hiki kirudiwe, hiki kikiwepo sawa, kisipokuwepo sawa. Parsec, iliyoandikwa na Daan Leijen mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa lugha ya Haskell, ndiyo iliyoipa njia hii umaarufu, na leo karibu kila lugha ya programu ina mwigo wake. Kabla yake kulikuwa na mitambo ya aina nyingine: Stephen Johnson wa Bell Labs alitoa Yacc mwaka 1975, nayo humeza sarufi iliyoandikwa na kutema programu ya kuichanganua.

Mizani ya neno "mbaya"

Tukiyaacha haya hewani yatabaki nadharia. Tujenge kichanganuzi kidogo cha kukagua utenzi. Utenzi ni kazi nyepesi kwa mwonekano wake: kila mshororo una mizani 8, ubeti una mishororo minne. Mashine ihesabu silabi, ikubali au ikatae.

Chukua mishororo hii miwili niliyoitunga kwa ajili ya jaribio:

Nyumba mbaya haifai
Mtu mbaya hafai

Mswahili akiisoma kwa sauti anasikia mizani 8 kila mmoja. Kanuni ya kwanza ambayo mjenzi mgeni huiandika ni kuhesabu irabu, kwa kuwa silabi za Kiswahili nyingi huishia kwa irabu. Mshororo wa kwanza unatoa 8, sawa. Wa pili unatoa 6, na mashine inaukataa. Mjenzi anarudi na kuongeza kanuni: herufi m ikitangulia konsonanti kama t, k au s, ihesabiwe mizani kamili, lakini "mb" ichukuliwe kuwa konsonanti moja, kama ilivyo katika "mbali" na "nyumba". Sasa "mtu" inapata mizani mbili, mshororo wa pili unafika 7, na bado unakataliwa.

Tatizo limebaki kwenye "mbaya". Neno lina herufi zilezile mara zote mbili, lakini nyumba iko katika ngeli ya I-ZI na hapo tunatamka mba-ya, mizani mbili. Mtu yuko katika ngeli ya A-WA na hapo tunatamka m-ba-ya, mizani tatu. Mashine haiwezi kuhesabu silabi za neno hili mpaka ijue linaelezea nini. Yaani kuhesabu mizani, kazi iliyoonekana ya kitoto, kunadai sarufi nzima ya upatanisho.

Hapa aina ya maktaba inaanza kuleta tofauti. Mwaka 2004 Bryan Ford alipendekeza sarufi za chaguo kwa mpangilio: mashine hujaribu njia ya kwanza, ikifaulu haiangalii ya pili. Lugha ya Python yenyewe ilihamia kwenye kichanganuzi cha namna hiyo katika toleo la 3.9 mwaka 2020. Ukiandika "mb ni konsonanti moja" juu, na "m ni silabi" chini, "mbaya" itakuwa na mizani mbili daima, na hutapata onyo lolote kwamba palikuwa na njia nyingine. Ukigeuza mpangilio, nyumba nayo itaharibika.

Njia ya pili ni ya zamani kidogo. Mwaka 1985 Philip Wadler aliandika kuhusu kichanganuzi ambacho hakirudishi jibu moja; kinarudisha orodha ya majibu yote yanayowezekana. Ukikipa "mbaya" kinakuletea mba-ya na m-ba-ya, yote mawili. Ukikipa neno lisilosomeka kinakuletea orodha tupu. Kwa mtazamo huo kushindwa si ajali tena. Ni jibu mojawapo, lenye hesabu sifuri. Kisha hatua inayofuata, ile inayojua ngeli, inachagua. Gharama yake ni kwamba utata huzidishana: mshororo wenye maneno matatu ya namna hiyo una usomaji mara 8, na shairi refu linaweza kuilemea mashine isiyopangwa vizuri.

Adhabu na ruhusa

Sasa tufike kwa mkosaji. Kompaila ya kawaida ni kali. Ukisahau mabano, kazi inasimama na unaelezwa mstari wenye kasoro, au mstari ambao mashine inadhani una kasoro. Wateja wa simu huku kwetu wanaujua ukali huo hata kama hawajawahi kuandika programu. Msimbo wa kufungulia menyu ya M-Pesa, *334#, ni sarufi ndogo: nyota, tarakimu, reli. Mambo yakienda mrama, simu nyingi hujibu kwamba kuna tatizo la mawasiliano au msimbo si sahihi. Hazisemi ni lipi kati ya hayo mawili, na mwenye duka la Gatitu anabaki kubahatisha kama alaumu kidole chake au mtandao.

Si haki kuuita ukali huo ukatili tu. Pesa zinapotumwa hatutaki mashine ibahatishe kama mtu alikusudia 1,000 au 10,000. Jaribio la upole wa kupita kiasi limewahi kufanyika: katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Cornell kilikuwa na kompaila iitwayo PL/C, iliyoundwa isikatae programu yoyote ya mwanafunzi. Kila kosa ililirekebisha kwa kukisia na kuendelea. Ilifaa wakati mwanafunzi alikuwa akikabidhi kadi zilizotobolewa na kusubiri kwa saa nyingi, kwani alipata angalau kitu cha kusoma. Lakini programu iliyorekebishwa kwa kukisia inaweza kufanya kazi safi ya mtu mwingine. Johnson katika Yacc alichagua njia ya kati: aliweka neno maalumu ambalo mjenzi huliandika ndani ya sarufi yenyewe, kuonyesha mahali ambapo kosa litapokewa na usomaji kuendelea mbele yake. Mkosaji alipewa kiti, ingawa ni waundaji wachache waliojishughulisha kukipanga.

Pāṇini hakuwa na tatizo la mwandishi mzembe. Tatizo lake lilikuwa kanuni mbili kudai neno moja kwa wakati mmoja. Kwa hilo aliweka kanuni juu ya kanuni, iliyo katika kitabu cha kwanza, sura ya nne: zikigongana, ya baadaye ishinde. Wafafanuzi walielewa "ya baadaye" kuwa iliyoandikwa nyuma zaidi katika kitabu, wakajikuta wakiongeza vighairi juu ya vighairi. Mwaka 2022 mtafiti wa Cambridge, Rishi Rajpopat, alivuma kwa kudai kwamba ina maana ya inayogusa upande wa kulia wa neno, na kwamba kwa usomaji huo vighairi vingi havihitajiki. Wapo wataalamu wasiokubali. La kutufaa hapa ni kwamba mfumo uliosifiwa kwa ukamilifu wake ulizua mabishano ya karne nyingi palepale ulipokusudia kuyamaliza.

Al-Khalīl alikwenda njia tofauti kabisa. Alijua kwamba washairi waliomtangulia, waliokwisha kufa na kuheshimiwa, hawakufuata nyayo zake nane kwa unyofu. Hangeweza kuwakatalia. Basi pamoja na nyayo aliorodhesha mabadiliko yanayoruhusiwa: herufi fulani ikidondoka hapa, irabu ikinyamaza pale, mahali gani panavumilia na mahali gani hapavumilii, na kila badiliko akalipa jina. Sarufi yake ina sehemu mbili, kanuni na idhini, na ya pili ni ngumu kuihifadhi kuliko ya kwanza.

Kiswahili kilipochukua arudhi kiliacha urefu na ufupi wa silabi za Kiarabu, kikashika idadi: mizani na vina. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipoziandika sheria hizo katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu utungaji wa mashairi, alizipa umbo ambalo mashine ingeweza kulifuata. Lakini kando ya sheria, pokeo lilibaki na orodha ya idhini, na orodha hiyo leo hufundishwa katika kila shule ya upili ya Kenya chini ya jina uhuru wa mshairi. Inkisari: kufupisha neno ili mizani ikae sawa. Mazda: kulirefusha kwa sababu hiyohiyo. Tabdila: kubadili silabi ya mwisho ili kina kipatikane. Kuboronga sarufi: kupindua mpangilio wa maneno. Mwanafunzi wa Nyeri huulizwa katika mtihani athibitishe kila uhuru kwa mfano kutoka shairini, naye huutafuta kwa kalamu.

Tazama kinachofanyika hapo. Mtahini hamwambii mwanafunzi atafute makosa ya mshairi. Anamwambia autambue uhuru huo, autaje kwa jina lake, na aeleze umefanya kazi gani. Nijuavyo, ni kompaila chache zilizoweza kufanya hivyo. Nyingi zina majina ya mamia ya makosa, kila moja na nambari yake, lakini jina hilo ni la kukataa. Katika arudhi ya Kiswahili jina ni la kupokea: ukiukaji wenye jina umeingia ndani ya sarufi.

Uvumilivu huo ulikuwa na mpaka, na mpaka ulipiganiwa. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyojali vina wala mizani, ubishi ulizuka kama hayo ni mashairi au la, na Mulokozi na Kahigi wakautetea upana wa ushairi katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979. Ukiutazama ubishi ule kwa jicho la mjenzi wa vichanganuzi, swali lilikuwa hili: je, huyu amekosea sarufi yetu, au anaandika kwa sarufi nyingine ambayo hatujaiandika? Hakuna mashine inayoweza kulijibu peke yake. Wanadamu walihitaji miaka.

Kibuyu na mji

Turudi mlimani. Gĩcandĩ ni kibuyu chenye mbegu ndani, kinachotikiswa kama kayamba, na nje kimechorwa alama. Ni jina pia la utungo unaoimbwa nacho, mara nyingi na watu wawili wanaopokezana mbele ya hadhira. Alama hazikuwa herufi. Kila moja ilikumbusha sehemu ya utungo, na sehemu yenyewe ilikuwa fumbo. Padre Vittorio Merlo Pick wa Wamisionari wa Consolata, shirika lililokita mizizi Nyeri tangu mwanzo wa karne ya 20, alikusanya mafumbo na utungo huo katika kitabu Ndai na Gicandi cha mwaka 1973. Ngũgĩ wa Thiong'o aliukabidhi usimulizi wa Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya yake ya mwaka 1980, kwa mpiga gĩcandĩ. Naye Kimani Njogu, katika utafiti wake wa miaka ya 1990, aliiweka gĩcandĩ karibu na mashairi ya kujibizana ya Waswahili na kuonyesha kwamba zote zinaishi kwa mazungumzo.

Hapa uchanganuzi unafanyika kinyume cha kompaila. Kompaila inadai kila alama iwe na usomaji mmoja. Lugha yenye sentensi ya maana mbili huhesabiwa kuwa imeundwa vibaya. Katika gĩcandĩ alama iliyo wazi mno haina thamani. Kazi ya mwimbaji mmoja ni kutandaza fumbo, na kazi ya mwenzake ni kulipokea, kulifumbua na kurudisha jingine. Utata ndio mtaji wa mchezo.

Na kushindwa kunafanywaje? Mtazame mtega kitendawili, ndugu mdogo wa mwimbaji huyo. Mgĩkũyũ husema "Gwata ndaĩ", mwenzake hujibu "Ndagwata". Mswahili husema "Kitendawili", hujibiwa "Tega". Wote wawili wamefungua kikao kwa salamu maalumu kabla ya ujumbe kupita, jambo ambalo wahandisi wa mitandao walilibuni tena kwa kompyuta zao. Hadhira ya Kiswahili ikishindwa, mtegaji hudai mji. Wanampa Mombasa, au Nairobi, naye akitaka aukatae mpaka apewe unaomridhisha; kisha huutembelea kwa maneno, akisimulia alivyofika na alivyokaribishwa, na ndipo hutoa jibu. Kushindwa kumelipiwa, kumefurahiwa, na muhimu kuliko yote, kumemalizika kwa jibu sahihi kufika kwa kila mtu. Kikao hakivunjiki.

Nalinganisha hilo na ile simu isiyosema kama tatizo ni mtandao au msimbo. Mtega kitendawili anatoa ujumbe bora wa kosa: unajua umeshindwa, unajua bei, na unaondoka unajua.

Nani yupo kurekebisha?

Tofauti hizi hazitokani na upole wa taifa moja na ukali wa jingine. Zinatokana na jambo moja: aliyeandika yupo au hayupo? Kompaila inafanya kazi na mwandishi aliye hai, aliyeketi mbele ya kioo, anayeweza kurekebisha mstari sasa hivi. Kumkatalia ni kumsaidia. Al-Khalīl alikuwa akisoma washairi waliokufa. Kuwakatalia kungekuwa upuuzi. Msomaji wa shairi la Kiswahili anapokea matini ambayo hayabadiliki tena. Katika kitendawili mtegaji na mteguaji wako uso kwa uso, kwa hiyo kosa linaweza kujadiliwa papo hapo.

Walioshughulikia Kiswahili kwa kompyuta kwa dhati walilijua hili mapema. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kujenga SALAMA, mfumo wa kuchanganua Kiswahili, katikati ya miaka ya 1980, akitumia nadharia ya ngazi mbili ambayo Kimmo Koskenniemi aliitoa mwaka 1983. Mfumo huo kwanza unatoa uchanganuzi wote unaowezekana wa neno, kama Wadler alivyopendekeza. Kisha unatumia sarufi ya vizuizi, iliyobuniwa na Fred Karlsson, ambayo huondoa usomaji usiowezekana kwa kuangalia majirani wa neno. Sarufi hiyo ina sharti linalonivutia kuliko mengine yake: usomaji wa mwisho uliobaki hauondolewi kamwe. Hata kama kanuni zote zinaupinga, neno haliachwi bila maana. Imeandikwa kwa ajili ya magazeti, vitabu na barua za watu, matini ambayo mwandishi wake hawezi kuitwa arudi.

Gĩkũyũ kinaleta mtihani wake. Kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa kiwimbi juu, ĩ na ũ. Katika simu na katika mabango watu wengi huviacha. Jina la Gatitu lenyewe huandikwa hivyo kila mahali. Mchanganuzi mkali angekataa karibu kila ujumbe mfupi unaotumwa kati ya Karatina na Nanyuki. Mwaka 2006 Peter Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, akiwemo Guy De Pauw, walichapisha njia ya kuifanya mashine irudishe viwimbi hivyo kwa kujifunza kutokana na herufi za jirani. Kwao ukosefu wa kiwimbi ni hali ya kawaida ya lugha inavyoandikwa, na mashine ndiyo yenye wajibu wa kuizoea.

Hata anayeweka viwimbi anaweza kukataliwa. Kompyuta huweza kuhifadhi ũ kama alama moja, au kama u iliyofuatwa na kiwimbi chake peke yake. Neno "Gĩkũyũ" huwa na alama 6 kwa njia ya kwanza na 9 kwa ya pili. Kwa macho ni neno moja. Kwa programu isiyosawazisha kwanza, ni maneno mawili, na ukitafuta moja hulipati jingine. Mwandishi hakufanya kosa lolote hapo. Aliyekosea ni mjenzi.

Hukumu

Kwa uzuri wa kanuni, Pāṇini hana mpinzani katika kundi hili. Kwa kasi na uhakika, kompaila inawashinda wote, na pale penye pesa, dawa au breki za gari nautaka ukali wake usilegee. Lakini kwa jinsi ya kumpokea aliyevuka mstari, arudhi ya Kiswahili na kanuni za kitendawili ziko mbele. Zimemfanya mkosaji awe sehemu ya mfumo, moja kwa kumpa kosa lake jina, nyingine kwa kumtoza mji na kumpa jibu.

Hilo lina matokeo kwa vijana wa Nyeri wanaochukua maktaba ya vichanganuzi leo ili wasome stakabadhi za kahawa kutoka vyama vya ushirika, ujumbe wa wateja uliochanganya Kiswahili, Gĩkũyũ na Sheng, au tenzi zilizohifadhiwa. Mafunzo mengi ya maktaba hizo huanza na kikokotoo: jumlisha, toa, zidisha, mabano. Kikokotoo ni mfano mbaya kwa kazi yao, kwa sababu katika hesabu hakuna inkisari. Mfano wa kuanzia uwe mshororo wa utenzi, na zoezi la kwanza liwe "mbaya". Maktaba irudishe orodha ya usomaji, ngeli ichague, na palipo na inkisari mashine iseme "inkisari" badala ya kusema "kosa".

Na mtu akiniletea kichanganuzi cha Kiswahili nikikague, sitaanza na sarufi yake. Nitamwomba kwanza orodha ya ukiukaji anaoukubali, kila mmoja kwa jina lake. Asipokuwa nayo, amejenga kikokotoo.